Kuta za Taüll: michoro iliyobanduliwa mlimani isije ikauzwa ng'ambo

Tarehe 10 Desemba 1123, katikati ya majira ya baridi, Askofu Ramon wa Roda alikuwa Taüll, kijiji kilicho mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari katika milima ya Pirenei, upande wa Katalunya nchini Hispania. Siku hiyo alilitabaruku kanisa la Mtakatifu Klementi, ambalo wenyeji huliita Sant Climent. Kesho yake akalitabaruku kanisa jingine hapohapo kijijini, la Bikira Maria, yaani Santa Maria. Habari ya siku ya kwanza iliandikwa kwa rangi juu ya nguzo ya kanisa lenyewe, ndiyo maana tunaijua mpaka tarehe.

Miaka karibu mia nane baadaye, kati ya 1919 na 1923, sehemu kubwa ya michoro iliyopamba kuta za makanisa hayo ilibanduliwa, ikaviringishwa kama mikeka, ikapakiwa kwenye masanduku na kushushwa bondeni kwa migongo ya baghala, nyumbu wale wa mizigo. Ilipelekwa Barcelona na haijarudi. Walioiondoa hawakuwa wezi. Ilikuwa Bodi ya Makumbusho ya Barcelona, chombo cha umma, na walioiongoza kazi ile waliipenda michoro hiyo kwa dhati.

Je, walifanya sawa? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu lina pande mbili: walifanya sawa kuiondoa, na wakakosea kwa jinsi walivyokiacha kijiji baada ya kuiondoa. Nitaeleza kwa nini.

Kijiji kidogo, makanisa makubwa

Kwanza tuelewe mali ile ilitoka wapi. Bonde la Boí, ambamo Taüll imo, lina vijiji vidogo vya wafugaji: Barruera, Durro, Cardet, Cóll, Boí, Erill la Vall na Taüll yenyewe. Ardhi yake ni ya nyasi na mawe. Hakuna mazao ya mlimani yanayoweza kulipia minara ya ghorofa sita.

Fedha zilitoka vitani. Mabwana wa Erill, waliolitawala bonde, walipigana upande wa Mfalme Alfonso wa Kwanza wa Aragon katika vita dhidi ya tawala za Kiislamu za kusini, vita vilivyoipa Aragon mji wa Zaragoza mwaka 1118. Nyara na ardhi walizozipata huko tambarare zikapanda mlimani kwa sura ya mawe na rangi. Kulikuwa pia na ugomvi wa mipaka: Askofu wa Roda na Askofu wa Urgell, kila mmoja alidai bonde hili ni lake. Askofu anayekwea mpaka Taüll wakati wa baridi kutabaruku makanisa mawili kwa siku mbili anaendesha ibada, na papo hapo anaweka alama ya mpaka wake.

Mafundi walifuata mtindo uliotoka Lombardia, kaskazini ya Italia. Mawe madogo yaliyochongwa na kupangwa safu kwa safu, matao madogo ya pambo yaliyojipanga chini ya paa, ndani safu tatu za jengo zilizotenganishwa na nguzo nene za duara, paa la mbao, na upande wa altare kuta tatu zilizopinda kama nusu duara. Mnara wa kengele umesimama kando, mrefu na mwembamba, na madirisha yake huongezeka kadiri unavyopanda, ili jengo lipungue uzito juu. Anayeutazama kutoka mbali haoni uzito wowote, anaona kitu kilichosimama wima mbele ya mlima kama mtu anayemsubiri mgeni.

Halafu vita vikasonga kusini, na utajiri ukaenda navyo. Bonde likabaki na makanisa yake na umaskini wake, na umaskini huo ndio ulioyahifadhi. Huko miji mikubwa kila kizazi kilibomoa cha zamani ili kijenge cha kisasa. Watu wa Boí hawakuwa na fedha za kubomoa sana. Walipotaka kitu kipya waliweka mimbari mpya, au walisimamisha mbele ya michoro fremu kubwa ya mbao yenye picha za watakatifu, kisha wakaendelea kusali. Nyuma ya mbao hizo Kristo wa Taüll alikaa akiwa amefichwa nusu kwa karne nyingi.

Alichokiacha mchoraji

Jina la mchoraji hatunalo. Wataalamu humwita Mwalimu wa Taüll, basi. Lakini mkono wake unatambulika kama mwandiko wa mtu unayemjua.

Katika ukuta uliopinda nyuma ya altare kuu ya Sant Climent alimchora Kristo akiwa ameketi ndani ya umbo la lozi, miguu imekanyaga nusu duara ya dunia, mkono wa kuume umeinuliwa kubariki na wa kushoto umeshika kitabu kilichofunguliwa. Kwenye kurasa zake pameandikwa kwa Kilatini: EGO SUM LUX MUNDI, “Mimi ndimi nuru ya ulimwengu.” Uso ni mrefu, macho yameganda, nywele na ndevu zimepangwa kwa mistari inayolingana kushoto na kulia kama ushanga. Kando yake zinaning'inia herufi alfa na omega. Wapo malaika pamoja na alama za wainjili wanne, na maserafi ambao mabawa yao yamejaa macho. Chini wamesimama mitume na Bikira Maria, naye ameshika bakuli linalotoa miale.

Mimi hunasa zaidi kwenye kipande kidogo kilichokuwa pembeni: Lazaro maskini, yule wa Injili ya Luka, ameketi mlangoni kwa tajiri, na mbwa anamlamba vidonda. Mtu aliyechora mamlaka ya mbinguni kwa ukali ule alimpa mbwa huyo ulimi mrefu na shingo iliyonyooka kwa upole. Wafugaji wa Taüll, ambao wengi wao hawakujua kusoma, waliielewa picha hiyo bila mkalimani. Walijua mbwa na walijua njaa.

Rangi nayo ina habari yake. Buluu ya Taüll haikutoka mbali kama ile ya thamani iliyoletwa kutoka milima ya Afghanistan. Ni ya madini yaitwayo aerinaiti, yanayopatikana katika Pirenei yenyewe. Mlima ulijipaka rangi yake. Na palipohitajika wekundu wa moto, alitumia vilevile rangi ya gharama iliyotokana na madini ya zebaki. Lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi alipaka, chokaa ikanyonya, ikakauka, na rangi ikawa sehemu ya ukuta.

Kilichotokea 1919

Mwaka 1907 Taasisi ya Taaluma za Kikatalani, iliyokuwa imeanzishwa mwaka huohuo, ilituma msafara milimani. Kiongozi alikuwa msanifu majengo Josep Puig i Cadafalch, na pamoja naye alikuwamo padre na mwanahistoria Josep Gudiol na mpigapicha Adolf Mas. Walipita vijiji hivi wakipima, wakipiga picha, wakiandika. Huko Erill la Vall walikuta sanamu za mbao za karne ya 12 zinazoonyesha Yesu akiteremshwa msalabani. Baada ya hapo mchoraji Joan Vallhonrat alipewa kazi ya kunakili michoro ya kuta ili ichapishwe.

Kuchapisha huko kulikuwa jambo jema lenye mlango wa nyuma. Picha zilizowapa Wakatalani fahari ziliwapa wafanyabiashara wa vitu vya kale orodha na ramani. Wakati huo makumbusho ya Marekani yalikuwa yananunua sana sanaa ya Zama za Kati za Ulaya, na bei zilikuwa zinapanda. Mwaka 1919 Joaquim Folch i Torres, mtu wa makumbusho ya Barcelona, alipata habari kwamba michoro ya kanisa la Santa Maria de Mur, kusini zaidi, ilikuwa imeuzwa. Mnunuzi alikuwa Lluís Plandiura, mwenye viwanda na mkusanyaji wa sanaa. Mafundi wa Kiitaliano walikuwa wameletwa kuibandua, kazi ikiendeshwa na mfanyabiashara Ignasi Pollak. Sehemu kubwa ya michoro ya Mur ikaishia Boston mwaka 1921, na mpaka leo iko katika Museum of Fine Arts ya huko.

Zamu iliyofuata ingekuwa ya bonde la Boí. Bodi ikachukua uamuzi mgumu: ikafikia makubaliano na watu walewale. Pollak na mafundi wake, akina Franco Steffanoni kutoka Bergamo, wakapewa kazi ya kubandua michoro ya milimani kwa ajili ya makumbusho ya umma badala ya soko.

Mbinu yao ilikuwa ya kutisha kidogo kuisikia. Fundi hupaka gundi nzito ya wanyama juu ya mchoro, akalaza vitambaa juu yake, tabaka kwa tabaka. Gundi ikikauka hujikunja kwa nguvu na kung'ang'ania rangi kuliko rangi inavyoung'ang'ania ukuta. Hapo fundi huanza kuvuta pole pole kutoka pembeni, na ngozi nyembamba ya rangi pamoja na chokaa kidogo hutoka ukutani ikiwa imebandikwa kwenye kitambaa, kinyumenyume. Huviringishwa, husafirishwa, kisha kule makumbusho upande wa nyuma hupakwa gundi ya maziwa na chokaa na kubandikwa kwenye kitambaa kipya. Mwishoni vitambaa vya mbele hulainishwa kwa maji ya moto na kuondolewa. Kristo wa Taüll alipitia yote hayo. Leo amekaa kwenye umbo la mbao lililotengenezwa kwa kufuata mpindo wa ukuta wake wa asili, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Katalunya, kilimani Montjuïc.

Kulikuwa na njia nyingine?

Wapo wanaosema michoro ingelindwa palepale. Ningetamani iwe kweli. Tatizo ni sheria. Mwaka 1919 hapakuwa na sheria Hispania iliyoweza kumzuia mwenye mali, awe paroko au mtu binafsi, kuuza ukuta wa kanisa. Sheria nzito ya kulinda hazina ya sanaa ilikuja mwaka 1933.

Na tunajua kilichotokea mahali palipojaribu njia ya mahakama. Katika mkoa wa Soria kuna kanisa dogo la San Baudelio de Berlanga, ndani yake nguzo moja inayotawanya matawi ya matao kama mnazi, na kuta zake zilikuwa na michoro ya ngamia, tembo na wawindaji. Mwaka 1922 michoro hiyo iliuzwa kwa mfanyabiashara Leone Levi. Pakawa na kelele, kazi ikasimamishwa, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Hispania. Mwaka 1925 mahakama ikaamua kwamba wauzaji walikuwa na haki ya kuuza. Mwaka 1926 michoro ikabanduliwa na kuvushwa kwenda Marekani. Vipande kadhaa vilirudi Madrid mwaka 1957, na kwa kuvipata Hispania ilitoa kwa mkopo wa muda mrefu sehemu ya altare ya kanisa jingine, San Martín de Fuentidueña, ambayo imejengwa upya jijini New York. Jiwe kwa jiwe. Ili kupata michoro, kijiji kingine kilipoteza ukuta mzima.

Kwa hiyo siwezi kumlaumu Folch i Torres. Alikuwa na miezi, si miaka. Kumweka mlinzi kwenye kila kanisa la milimani kusingezuia hati ya mauzo iliyosainiwa na mwenye mali. Kununua na kuiacha palepale kulihitaji barabara, umeme, paa zisizovuja na mtu wa kukaa huko majira yote, mambo ambayo bonde halikuwa nayo. Moto na vita ya wenyewe kwa wenyewe vilivyokuja mwaka 1936 viliteketeza makanisa mengi Katalunya. Uamuzi wa 1919 uliipeleka michoro mahali ambapo mtoto yeyote wa Barcelona angeweza kuingia na kuitazama, na ambapo mchoraji Picasso aliitazama mwaka 1934, makumbusho yalipokuwa yanafunguliwa Montjuïc.

Lawama yangu inaanzia pale ukuta ulipobaki mtupu.

Michoro ilitoka kufikia 1923. Nakala ya kuiweka Sant Climent ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka thelathini. Mtu aliyebatizwa Taüll mwaka 1924 alikua, akaoa, akazaa na kubatiza wanawe mbele ya ukuta uliochubuliwa. Watu wa mjini walijivunia “sanaa yetu ya milimani”, na wa milimani wenyewe, kama walitaka kuiona, iliwabidi wasafiri mpaka mjini. Nakala ingewezekana tangu mwanzo. Vallhonrat alikwisha kunakili michoro hiyo kabla haijatoka, kwa hiyo mfano wa kufuata ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa kwenye kikao na kuuliza: na wale tuliowatolea vitu vyao, tunawaachia nini?

Kule Erill la Vall hali ni ya kuumiza zaidi. Zile sanamu saba za Yesu kuteremshwa msalabani zilichongwa ziwe kundi moja, kila mkono ukimwelekea mwenzake. Leo tano ziko makumbusho ya mji wa Vic na mbili, Bikira Maria na Yohana, ziko Barcelona. Wanaomlilia marehemu wako mji mmoja, marehemu yuko mji mwingine. Kijijini kuna nakala, zote saba pamoja, na nathubutu kusema kwamba kwa maana hiyo nakala ziko karibu na ukweli kuliko sanamu halisi.

Ukuta unapewa nafasi tena

Mwaka 2000 UNESCO iliyaingiza makanisa tisa ya bonde la Boí katika orodha ya urithi wa dunia. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa mwaka huohuo, na kwa sababu hiyo mimi huviona vijiji hivi kama ndugu wa mbali wa mitaa yetu. Sisi tunajua mlango wa kuchongwa ni nini unapokuwa kwenye nyumba yake, na unakuwa nini ukiegeshwa kwenye duka la vitu vya kale. Mbao ni zilezile, ila anayepita hajui tena nani alikuwa akiufungua.

Lililonigusa kuliko yote lilifanyika mwaka 2013. Nakala ya miaka ya 1950 ilikuwa imeondolewa ukutani Sant Climent, na chini yake mafundi wa uhifadhi wakashughulikia mabaki halisi ambayo gundi ya Waitaliano haikuyachukua: madoa ya rangi, mistari, vipande. Mabaki hayo hayakufunikwa tena kwa nakala nyingine. Badala yake wakaweka mitambo ya kurusha picha kwa mwanga. Kanisa linatiwa giza, na kwa takriban dakika kumi mchoro mzima wa 1123 unajitokeza juu ya ukuta wake. Kwanza mistari kama mkono wa mchoraji anayeanza kazi, kisha rangi inajaa, kisha Kristo amekaa mahali pake, kwa ukubwa wake, chini ya paa lake. Hakuna anayedanganywa. Unaona kilichokuwepo, na unaona pia kwamba hakipo.

Naiunga mkono njia hii kwa moyo wote. Kristo wa Montjuïc ana rangi halisi bila ukuta. Taüll ina ukuta halisi na mabaki, na sasa ina njia ya kuonyesha uhusiano kati ya viwili hivyo. Kurudisha rangi yenyewe sidhani kama ni salama. Mchoro uliobanduliwa mara moja, ukabandikwa kwa gundi ya karne moja iliyopita, hauvumilii safari nyingine kirahisi. Suala hilo limewaka upya kwa michoro ya monasteri ya Sijena, huko Aragon. Hiyo iliondolewa baada ya moto wa 1936, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Hispania iliamua irudishwe. Makumbusho ya Barcelona yamekuwa yakionya juu ya udhaifu wa rangi zake. Kesi ile ina historia yake ya umiliki na haifanani na ya Taüll, ambako Bodi ilinunua. Lakini wahifadhi wa pande zote mbili wanakabiliwa na kitu kilekile: ngozi ya rangi yenye unene wa karatasi.

Bonde sasa linaishi kwa wageni, kwa kuteleza kwenye theluji wakati wa baridi na kwa makanisa wakati wa joto. Wakazi wa vijiji vyote kwa pamoja ni kama elfu moja. Kuna kitu kimoja ambacho hakuna fundi aliyeweza kukibandua. Katika majira ya joto, usiku wa sherehe za moto, vijana na wazee wa Taüll hupanda mlimani, huwasha vigogo na mienge yao, kisha hushuka gizani wakifuatana kwa mstari mpaka kijijini. Sherehe hizo za Pirenei ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2015. Aliyesimama karibu na mnara wa Sant Climent huona kwanza nukta moja ya moto juu kabisa, halafu nyingine, halafu mlima mzima unachorwa mstari mwekundu unaoteremka.

Ndani ya kanisa, picha ya mwanga ikizimika na taa zikirudi, ukuta unabaki na madoa yake. Kwenye tao lililo mbele ya altare kuna kipande halisi ambacho hakikuondoka na baghala: Kaini, mkono juu, anamuua Abeli. Kiko palepale alipokichora yule mtu asiye na jina.